Rangi Ina Unene: Kufufua na Kupaka Upya Mashine Kongwe za Useremala

Mwaka juzi niliitwa kutazama randa ya mashine katika karakana moja ya mbao mjini Tanga. Ilikuwa mashine ya Kiingereza, nzito, ya tangu enzi za ukoloni, na mwenye karakana alikuwa ameigharimia ipakwe rangi upya, ikarudi inang'aa kijani kama embe bichi. Tangu siku hiyo kila ubao uliopita juu yake ulitoka na kombo. Visu vilinolewa, vikabadilishwa, beringi zikakaguliwa, lakini kombo likabaki pale pale. Tulipoifungua meza ya upande wa kupokelea ubao, ndipo tukaona kisa chenyewe: aliyepaka rangi alikuwa amepaka hata zile nyuso ambazo chuma hukalia chuma, tabaka tatu, na upande mmoja rangi ilikuwa imechuruzika ikaganda. Fila geji, yaani vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo, ilionyesha tofauti ya karibu milimita 0.3 kati ya pembe na pembe.

Kazi ya kufufua mashine za namna hii huelezwa mara nyingi kama kazi ya urembo: toa kutu, piga msasa, paka rangi, piga picha. Ukiitazama kwa karibu, ni kazi ya unene. Kutu hula unene, msasa hupunguza unene, puti na rangi huongeza unene, na mashine yenyewe iliundwa kiwandani kwa vipimo ambavyo haviwezi kuvumilia kuongezwa wala kupunguzwa popote pale. Meza ya randa iliyo sawasawa haipaswi kupotoka zaidi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa urefu wake wote, ilhali tabaka tatu za rangi ya kawaida, kila moja ikiwa na mikroni 30 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinatosha peke yake kuifikia tofauti hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza si rangi gani ipakwe, bali ni wapi rangi inaruhusiwa kukaa.

Tuanze na chuma chenyewe. Miili ya mashine hizi, kuanzia za Wadkin ya Leicester, kampuni iliyoanza mwaka 1897, hadi za Thomas Robinson ya Rochdale, zote za Uingereza, na Oliver ya Grand Rapids nchini Marekani, imetengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Chuma hiki kina kaboni nyingi, kati ya asilimia 2.5 na 4 hivi, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hujitenga ndani yake kama magamba madogo ya grafiti. Magamba hayo ndiyo sifa yake na ndiyo udhaifu wake. Hunyonya mtetemo, ndiyo maana mashine ya kale hunguruma kwa utulivu pale ambapo mashine nyepesi ya bamba za chuma hutetemeka. Lakini pia huufanya mwili usipinde hata kidogo kabla ya kuvunjika. Sikio la chuma lililovumilia miaka themanini ya kubanwa linaweza kukatika kwa pigo moja la nyundo la fundi mwenye haraka. Uzito nao si wa kupuuza: meza ya urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita tatu hufikia takriban kilo 86, bila kuhesabu mbavu zake za chini.

Mwili mmoja wa chuma hiki una nyuso za aina tatu, na ninavyoona mimi, karibu makosa yote ya kufufua mashine hutokana na kuzitendea zote kwa namna moja. Kuna uso wa mchanga, ule uliotoka kwenye kalibu ukiwa na chembechembe, ambao kazi yake ni kubeba tu. Huu ndio uliopakwa rangi kiwandani. Kuna uso uliochongwa, kama vile juu ya meza, njia za mteremko ambazo meza hupanda na kushuka juu yake, na viganja vidogo vilivyosawazishwa ambapo sehemu moja hufungwa juu ya nyingine. Huu hauna rangi na haupaswi kuwa nayo kamwe. Kisha kuna nyuso zinazozunguka au kuzungukiwa: shafti, makao ya beringi, matundu ya puli. Kabla ya kufungua hata bolti moja, ni vyema kupita na chaki na kuweka alama kila mahali pa aina ya pili na ya tatu, kwa sababu mashine ikishakuwa vipande arobaini sakafuni, vyote vyenye rangi moja ya kutu, kumbukumbu husaliti.

Kabla ya kuiondoa rangi ya zamani, ni lazima kuamua kama inastahili kuondolewa. Rangi ya kiwandani iliyochakaa lakini bado imeshika vizuri huosheka kwa sabuni laini na kitambaa, na mashine ikabaki na historia yake. Mimi huchagua njia hiyo kila inapowezekana. Iwapo imebambuka, au imefunikwa na tabaka za wamiliki watano waliofuatana, rangi ya asili hutafutwa mahali ambapo jua na mikono havikufika: chini ya kibao cha jina, nyuma ya mabano ya mota, ndani ya mlango wa gurudumu la msumeno wa utepe. Hata hapo pana mtego, kwa kuwa rangi za mafuta huelekea kugeuka manjano zikikaa gizani, na hivyo kijivu cha asili kinaweza kuonekana kama kijani hafifu. Kipande hicho kisuguliwe kidogo na kulowanishwa kabla ya kupelekwa dukani kulinganishwa.

Katika rangi hizo za kale ni busara kudhani kuwa kuna madini ya risasi mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Kijani cha kromu, kilichotumika sana viwandani, kilipatikana kwa kuchanganya njano ya kromati ya risasi na buluu ya Prussia, kwa hiyo kijani kizuri cha mashine ya babu kinaweza kuwa sumu. Rangi ya namna hiyo haipigwi msasa mkavu wala haichomwi kwa moto wa gesi. Hulainishwa kwa dawa ya kuondolea rangi, ikakwanguliwa ikiwa mbichi, na takataka zake zikakusanywa badala ya kufagiliwa uani ambako kuku na watoto hupita. Wapo wanaotumia soda kali ya kutengenezea sabuni. Inafanya kazi vizuri juu ya chuma, lakini hula alumini na zinki, na vishikio au vibao vingi vya mashine za katikati ya karne iliyopita vilitengenezwa kwa madini hayo. Nimeona kibao cha jina kikitoka kwenye pipa la soda kikiwa laini kama kokoto ya mtoni, bila herufi hata moja.

Bolti zilizoganda huhitaji subira zaidi ya nguvu. Mafuta mepesi yanayopenya, yakiachwa usiku mzima na kurudiwa asubuhi, hufungua nyingi. Joto la taratibu hufungua nyingine, mradi moto usielekezwe mahali pamoja hadi upande mmoja upanuke na mwingine ubaki baridi, kwani hapo ndipo nyufa huzaliwa. Ikumbukwe pia kwamba nati ya shafti ya msumeno wa mviringo mara nyingi hukazwa kinyume na kawaida, ili mzunguko wa msumeno usiifungue yenyewe. Fundi asiyelijua hilo huikaza kwa bidii akidhani anaifungua.

Sasa kutu. Njia ninayoipendelea kwa vipande vinavyoingia katika beseni au pipa ni ya umeme, na sababu yake inarudi kwenye unene: umeme huondoa kutu na kukiacha chuma kizima karibu kama kilivyo. Pipa la plastiki hujazwa maji, yakachanganywa na soda ya kufulia, kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne hivi. Kipande chenye kutu huning'inizwa katikati na kuunganishwa na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya huunganishwa na vipande vya chuma chakavu vilivyopangwa kukizunguka, ambavyo ndivyo vinavyotolewa kafara. Waya zikigeuzwa, kafara inakuwa kile kipande chako. Baada ya dakika chache viputo huanza kupanda, juu ya maji hujikusanya povu la rangi ya chai, na ukikirudia kipande asubuhi ya pili unakuta ile kutu nyekundu imekuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Umeme husafisha zaidi upande unaotazamana na chuma cha kafara, kwa hiyo kipande chenye mashimo na mbavu hugeuzwa mara mbili tatu.

Viputo hivyo ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo pipa hukaa nje, mbali na moto, na chaja huzimwa kabla ya waya kuguswa. Chuma cha kafara kisiwe kamwe kile kisichoshika kutu, kwa maana kromiamu yake huyeyuka ndani ya maji na kuyafanya kuwa sumu. Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, tunaoishi karibu na ziwa Magadi na ziwa Natron: magadi ghafi yanayouzwa sokoni kwa ajili ya maharage ni ya jamii hiyo hiyo ya soda, na wengi huyatumia kwa kazi hii. Yanafanya kazi, ila magadi ghafi huwa na chumvi ndani yake pamoja na floridi, na chumvi ikipitishiwa umeme hutoa klorini, gesi inayowasha mapafu, na kuacha mabaki yanayoita kutu tena. Soda iliyosafishwa kiwandani ni nafuu ya kutosha, hivyo sioni sababu ya kubahatisha.

Vipande vidogo vinaweza kulowekwa katika siki au asidi ya limau, lakini asidi haichagui. Ikimaliza kutu huanza kula chuma, na kwa kuwa haili grafiti, kipande kilichosahauliwa humo hutoka kimefunikwa vumbi jeusi na vipimo vyake vimepungua. Saa chache, kisha kitolewe, kisuuzwe kwa maji yenye soda kidogo, kikaushwe papo hapo.

Meza haziingii katika pipa, na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Mashine ya kupuliza mchanga, ambayo ni rafiki wa uso wa kalibu, ni adui wa meza, kwa sababu huiachia vishimo visivyosuguliki. Grinda yenye msasa nayo huchimba mabonde yasiyoonekana kwa macho lakini yanayohisiwa na rula ya chuma. Kinachofaa ni wembe mpana ulioinamishwa, unaokwangua kutu iliyoinuka juu ya uso, kisha msasa laini uliozungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka na kulowanishwa kwa mafuta mepesi. Doa jeusi litabaki pale kikombe cha chai kilipokaa mwaka 1962, na libaki tu, kwa kuwa kulifuata doa hilo hadi liishe ni kuchimba shimo mezani kwa makusudi.

Wengi hushtuka wanapomaliza kuondoa rangi na kukuta mwili wa mashine ukiwa na mabonde, mishono na vipele, wakadhani wameuharibu. Hawajauharibu. Hivyo ndivyo ulivyotoka kwenye kalibu, na viwanda viliuficha ukali huo kwa puti nene kabla ya kupaka rangi, ndiyo maana mashine mpya ilionekana laini kama yai. Anayefufua leo ana hiari. Puti ya kisasa ya magari inaweza kurudisha ulaini huo, lakini ikizidi milimita tatu hivi juu ya chuma kinachotetemeka, hupasuka na kuingiza unyevu chini yake. Mimi hujaza mashimo makubwa tu na kuacha chembe za mchanga zionekane kwa mbali. Ulaini wa kioo juu ya mashine ya kupasulia mbao naona ni majivuno kidogo.

Kinachoiangusha rangi mara nyingi ni mafuta. Chuma hiki kina vitundu vidogo, na kama kimeogelea katika grisi kwa nusu karne kimekunywa mafuta. Ukikifuta kwa thina kinaonekana kikavu. Ukikiweka juani saa sita mchana, baada ya nusu saa kinatoa jasho la mafuta upya. Hufutwa, kikarudishwa juani, kikafutwa tena, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Baada ya hapo hakuna muda wa kupoteza, kwa sababu chuma kilicho uchi katika hewa ya pwani huanza kupata wekundu jioni ile ile.

Umande nao una hila yake. Mwili mzito hupoa usiku na kuchelewa kupata joto asubuhi, na hewa yenye unyevu inapoingia karakanani saa mbili au saa tatu, hukutana na chuma baridi na kuacha juu yake utando wa maji mwembamba usioonekana. Kanuni ya wapaka rangi wa viwandani ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi tatu za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa asiye na vyombo vya kupimia, ushauri wangu ni kungoja hadi mchana, mwili ukiguswa uwe vuguvugu, na kukwepa siku za masika.

Tabaka la kwanza liwe rangi ya kuzuia kutu, na yenye fosfeti ya zinki inafaa sana. Juu yake rangi ya mafuta ya kawaida inatosha kwa karakana nyingi, ingawa huchukua wiki kadhaa kukomaa kabisa hata kama inashikika baada ya siku moja. Rangi za vikopo viwili zinazochanganywa na kigumisho hustahimili thina na mikwaruzo zaidi, lakini kigumisho cha poliurethani kina isosaianeti, kemikali inayoweza kumwachia mpakaji pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiizuii. Asiye na chombo cha kuletewa hewa safi aichague ile ya mafuta na kuipaka kwa brashi. Brashi nzuri, mkono mwepesi, tabaka mbili nyembamba. Moja nene huchuruzika, na tumeshaona Tanga mchuruziko unakofika.

Kuhusu rangi yenyewe mabishano hayaishi. Mashine nyingi za karne ya 19 zilikuwa nyeusi au za rangi nzito, baadhi zikiwa na mistari ya mapambo. Baadaye kijivu kikatawala. Katika miaka ya 1940 Faber Birren, mshauri wa rangi wa Marekani, akishirikiana na kampuni ya DuPont, alieneza mpango wa rangi za usalama viwandani, ambamo rangi ya chungwa ilionya juu ya sehemu zinazoweza kukata au kuponda. Ndiyo maana baadhi ya mashine ukifungua kinga yake unakutana na chungwa kali kwa ndani, na anayelifunika kwa kijivu ili kupendezesha huwa anafuta onyo.

Mashine za kale zaidi zina jambo jingine ambalo rangi haipaswi kulikaribia. Shafti zake hazizunguki ndani ya beringi za gololi bali ndani ya madini laini meupe yanayoitwa babiti, na yasichanganywe na mji wa Babati. Jina linatokana na Isaac Babbitt wa Massachusetts, aliyeyabuni mwaka 1839. Mchanganyiko mmoja maarufu una bati takriban asilimia 89, antimoni 7.5 na shaba 3.5. Yakichakaa humiminwa upya: ya zamani huyeyushwa, shafti huwekwa mahali pake sawasawa na kupakwa masizi ya kibatari ili madini yasiishike, nyufa zote huzibwa kwa udongo, na makao ya chuma hupashwa moto hadi unyevu wote uishe, kwa sababu tone moja la maji chini ya madini yaliyoyeyuka hurusha madini hayo usoni. Mafundi hupima joto kwa kijiti cha msonobari: kikizamishwa na kugeuka kahawia bila kuwaka, ni wakati wa kumimina, tena kwa mkupuo mmoja. Kisha uso hukwanguliwa hadi nafasi kati yake na shafti iwe karibu mikroni 25 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Katika nafasi hiyo tabaka moja tu la rangi chini ya kofia ya beringi linatosha kuivuruga kazi ya siku mbili.

Kuna sehemu ambazo hazipaswi kufufuliwa ili zitumike. Randa za zamani zenye kichwa cha visu cha mraba huacha pengo kubwa kati ya meza na visu kila kinapozunguka, na vidole vilivyoingia pengoni havirudi. Vichwa vya mviringo vilianza kuchukua nafasi yao mwanzoni mwa karne ya 20, na cha mraba kinafaa kuwekwa rafuni kama kumbukumbu. Waya za umeme za kale zibadilishwe zote. Na mota iliyotoka Marekani, iliyoundwa kwa hezi 60, ikiunganishwa na umeme wetu wa hezi 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na inaweza kupata joto kupita kiasi, kwa hiyo ionwe na fundi umeme kabla ya kulaumiwa mkanda au puli.

Meza, kwa kuwa hazina rangi, hulindwa kwa nta. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa taratibu na kulainishwa kwa tapentaini, ikapakwa kidogo sana na kufutwa hadi ing'ae, huzuia kutu na kuufanya ubao uteleze. Zile za kupulizia zenye silikoni ziepukwe, maana silikoni huhamia kwenye ubao na vanishi ikakataa kushika.

Ile randa ya Tanga hatukuipaka rangi upya. Tulikwangua viganja vyote na njia za meza hadi chuma kikaonekana, tukafuta kwa thina, tukapaka mafuta mepesi, tukafunga tukiipima kwa rula ya chuma na fila geji. Ubao wa kwanza wa mninga ulitoka umenyooka. Kijani cha embe bichi bado kipo, isipokuwa pembezoni mwa meza, ambako sasa kuna ukanda mwembamba wa chuma kitupu unaofutwa kwa nta kila Jumamosi.